Tafadhali Msinifute

Lachezar Bozhkov alifika kituo cha polisi cha mji wa Vidin Jumatano saa mbili na nusu asubuhi, kompyuta ndogo ikiwa kwapani, na akakataa katakata kumweleza askari wa mapokezi kilichomleta. Alisema anamtaka mwenye kesi ya Radina Lalova, hamtaki mwingine. Askari akamtazama usoni, akainua simu.

Mwenye kesi alikuwa Inspekta Nevena Garvanska, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, nywele fupi, sauti ya mtu aliyeacha sigara akiwa amechelewa. Kesi ile alikuwa nayo tangu Oktoba, na sasa ni Juni. Radina, msichana wa miaka ishirini na saba aliyekuwa akihudumu kwenye duka la dawa, alitoka kwa wazazi wake Jumamosi tarehe tano Oktoba na begi moja. Baba yake alieleza kwamba alimfikisha stendi kwa gari lake, akapanda basi la kwenda mji mkuu, Sofia. Sofia hakuna aliyemwona akishuka. Simu yake ilizimika mchana huo na haikuwaka tena. Picha yake ilikuwa ukutani nyuma ya kiti cha Garvanska, na jua lilishaanza kuifubaza.

"Mimi ni mpiga picha za harusi," Bozhkov alisema kabla hajakaa. "Nina jambo, afande, na naomba usinicheke."

"Kaa kwanza. Kahawa?"

"Hapana. Tangu jana nakunywa hiyo tu."

Alifungua kompyuta juu ya meza, akaigeuza ili Garvanska aone. Sajini Orlin, msaidizi wake, akasogeza kiti chake karibu.

"Siku hizi maharusi wengi wako Ujerumani," Bozhkov alianza. "Wanakuja nyumbani Agosti, wanaoana, wanarudi. Hakuna anayepita studio kuangalia picha ukutani. Kwa hiyo nawatafuta kwa barua pepe. Kwenye tovuti yangu kuna fomu: jina lako, jina la mchumba wako, tarehe unayotaka. Ukiituma tu, mfumo unakuandikia papo hapo kukupongeza. Baada ya hapo, kila Jumapili jioni unapata barua moja. Mvua ikinyesha mfanyeje, saa gani mwanga ni mzuri kule kwenye ngome ya kale, shangazi mlevi mumweke wapi kwenye picha. Mwisho nakuomba uweke nafasi."

"Unaziandika wewe?"

"Niliziandika mara moja, miaka miwili iliyopita. Tangu hapo zinajituma. Nina watu mia nne na kitu kwenye orodha, majina yao hata siyasomi. Hiyo ndiyo aibu yangu. Picha ya huyu dada naiona kila siku kwenye mlango wa duka la mikate. Na mimi huku namwandikia kila wiki na sijui."

Akaweka kidole kwenye kioo. *Radina Lalova. Mchumba: Ognyan Tsekov. Tarehe ya harusi: 23 Agosti.* Fomu ilikuwa imejazwa Ijumaa tarehe nne Oktoba, saa kumi na mbili na dakika tano jioni. Siku moja kabla ya kupotea.

Garvanska aliusoma mstari ule mara mbili. Kwamba Radina na Ognyan walikuwa wapenzi wa siri alikuwa anajua; Ognyan mwenyewe alikiri wiki ile ya kwanza. Habari ya tarehe hakuna aliyewahi kumwambia.

"Endelea."

"Mtu asiyejibu kwa miezi minane anatumiwa barua ya mwisho. Kichwa chake ni 'Tuagane?' Inasema usipojibu, tunakufuta kwenye orodha, na tarehe yako tunampa mwingine. Ni ujanja tu wa biashara, afande. Mtu akiona anafutwa, anashtuka, anajibu. Yake ilikwenda Jumapili iliyopita. Jana saa nne na dakika arobaini asubuhi nikapata hii."

Jibu lilikuwa na mistari miwili.

*Tafadhali msinifute. Bado naitaka tarehe yangu.*
*Radina*

Orlin ndiye aliyetangulia kusema.

"Yuko hai."

"Sijasema hivyo," Garvanska alijibu.

"Inspekta, msichana amejibu barua!"

"Barua imejibiwa. Hayo ni mambo mawili." Akamgeukia mpiga picha. "Mfumo wako unajua nini kingine?"

Ulijua mengi. Kila barua ikifunguliwa, ulirekodi siku, saa, mji na aina ya mashine. Nyumba haukuijua, ila mji ulikuwa huohuo mara zote: Vidin. Barua zilikuwa thelathini na saba, na zote zilikuwa zimefunguliwa.

"Hata mama yangu hanisomi hivyo," Bozhkov alisema, kisha akaona haya kwa utani wake.

Garvanska alichukua karatasi akaanza kuandika saa zote, moja chini ya nyingine. Ilimchukua muda. Barua ya kwanza, ile ya pongezi, ilifunguliwa Ijumaa ileile saa kumi na mbili na dakika sita, dakika moja baada ya fomu, na tena dakika tatu baadaye. Kisha kimya cha wiki tatu. Baada ya hapo kila ufunguzi ulikuwa Jumanne, kati ya saa tatu na saa sita mchana. Jumapili hakuna, Jumatatu hakuna, jioni hakuna. Na barua ya pongezi ilikuwa imerudiwa kusomwa mara arobaini na moja.

"Mashine?"

"Moja tu tangu mwanzo. Kompyuta ya mezani, ya zamani sana. Programu yake watu waliacha kuitumia miaka sita iliyopita."

"Kompyuta ya Radina tunayo sisi, imefungiwa stoo," Garvanska alimwambia Orlin. "Simu haijulikani iliko. Hii ni mashine ya tatu. Aliitumia mwenyewe ile Ijumaa, akaacha barua zake wazi, na sasa kuna mtu anakaa mbele yake Jumanne asubuhi tu. Nani ana Jumanne?"

Orlin alikuwa na jibu tayari. "Ognyan. Gereji yao inafunguliwa Jumamosi na Jumapili. Anapumzika Jumatatu na Jumanne. Na pale kaunta wana likompyuta la enzi za babu."

Mwendesha mashtaka, alipopigiwa simu, alisema hati ya kuilazimisha kampuni ya mtandao itoe anwani ingechukua siku kumi. Garvanska alimshukuru, akachukua funguo za gari.

Gereji ya matairi ilikuwa nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya kwenda darajani. Ognyan Tsekov alikuwa amepiga magoti kwenye tairi la lori. Alipowaona alimalizia nati aliyokuwa ameishika, akajifuta mikono, akasimama. Alichechemea mguu wa kushoto. Miaka sita iliyopita alikuwa anaendesha gari lililoacha barabara kwenye ukungu. Aliyekaa kando yake alikuwa Kamen Lalov, kaka yake Radina na rafiki yake tangu darasa la kwanza. Kamen alifia palepale. Mahakama ilimpa Ognyan kifungo cha nje. Familia ya Lalov haikumpa kitu, hata salamu.

"Mmempata?" aliuliza.

"Bado. Jumanne huwa uko wapi?"

"Mtoni."

"Unavua samaki?"

"Sivui."

"Unafanya nini basi mtoni?" Orlin aliingilia. "Unaota jua? Mwezi wa kwanza?"

Ognyan alimtazama bila hasira. "Natembea ukingoni. Wiki hii upande wa juu, wiki ijayo upande wa chini. Maji yakipungua yanaacha vitu. Ndala, chupa, mbwa. Mara moja niliona koti jekundu kama lake, nikaingia hadi shingoni. Lilikuwa gunia." Akaangalia mikono yake. "Waulizeni askari wa mpaka wanaolinda mto. Wamenizoea, wananipa chai."

Orlin alitoka nje kupiga simu. Aliporudi alitikisa kichwa taratibu: askari wa zamu walimjua vizuri yule kiwete, na jana, Jumanne, saa nne na nusu alikuwa amekaa nao kibandani. Kompyuta ya kaunta nayo ilikuwa ya zamani kweli, lakini haikuwa imeunganishwa na mtandao. Waliitumia kuchapa risiti.

Garvanska akamwonyesha Ognyan karatasi ya fomu.

"Ulijua habari ya hii?"

Aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa juu ya tairi.

"Tulikubaliana tu kwamba tutaoana. Tarehe hatukupanga. Nilimwambia achague yeye, mimi nitakuja." Akaitazama tena karatasi. "Ishirini na tatu Agosti."

"Ni siku gani?"

"Siku aliyozaliwa Kamen. Alitaka Kamen awepo." Akarudisha karatasi haraka, kana kwamba inamchoma. "Alikuwa hivyo. Wazazi wake walifunga kile chumba na ufunguo, lakini yeye alikuwa anaingia. Alisema anaweza kufikiri vizuri akiwa mle tu, kwenye kiti cha kaka yake."

Garvanska hakumuuliza swali lingine. Ndani ya gari aliingiza ufunguo, lakini hakuuzungusha.

"Nini, Inspekta?"

"Turudi ofisini. Nataka orodha ya upekuzi ya Oktoba."

Orodha ilikuwa kwenye jalada, ukurasa wa kumi na mbili. Sebule, jiko, chumba cha wazazi, chumba cha Radina: kila kitu kimeandikwa, hadi idadi ya masweta. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja: *Chumba cha marehemu Kamen Lalov. Hakikupekuliwa, kwa ombi la familia.* Sahihi ilikuwa ya Garvanska. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa kile chumba, mikono ameikunja kifuani, na Garvanska akaona haya kumwambia asogee.

Alimpigia Bozhkov simu.

"Jumapili, mtumie barua nyingine. Yeye peke yake."

"Niandike nini, afande? Nimeshamwandikia upuuzi wa kutosha."

"Mjibu alichoomba."

Jumapili jioni Bozhkov alituma barua yenye maneno manne: *Radina, tarehe yako ipo.*

Jumanne asubuhi Orlin aliachwa ukingoni mwa mto, hatua ishirini nyuma ya Ognyan, ili kuhakikisha tu. Garvanska alisimama kwenye ngazi za ghorofa ya tatu ya jengo walimoishi akina Lalov, mtaa wa nyuma ya soko, simu mkononi. Chini, kwenye mlango wa jengo, karatasi ya ukumbusho wa Kamen, kama desturi ya kule kwa marehemu, ilikuwa imebandikwa upya, miaka sita tangu atutoke. Ya Radina, iwe ya ukumbusho au ya kumtafuta, haikuwepo. Saa mbili na robo alikuwa amemwona Metodi Lalov, baba wa nyumba, akitoka na jembe na chupa ya maji, akiondoka na gari lake kuukuu. Metodi alikuwa mlinzi wa ghala la nafaka. Mapumziko yake yalikuwa Jumanne.

Saa tatu na dakika kumi na mbili simu ikatetemeka.

"Imefunguliwa," Bozhkov alinong'ona. "Sasa hivi. Iko wazi."

Garvanska alibonyeza kengele.

Kukapita muda. Kisha Zdravka Lalova, mama yake Radina, akafungua: mwanamke mdogo wa umbo, aproni ya jikoni, miwani juu ya paji la uso. Nyuma yake, mwisho wa korido, mlango wa Kamen ulikuwa nusu wazi na mwanga wa buluu ulionekana sakafuni.

"Mama Zdravka," Garvanska alisema, "naomba safari hii uniruhusu niingie mle."

Mama hakubisha. Alitangulia.

Chumba kilikuwa kisafi, kitanda kimetandikwa, makombe ya mpira wa mikono juu ya kabati. Kwenye meza kompyuta kubwa ya mezani ilikuwa inaunguruma. Barua ilikuwa imefunguliwa: *Radina, tarehe yako ipo.*

"Kwa nini hukuniambia kuna kompyuta hapa?"

"Uliniuliza kompyuta ya Radina. Hii ni ya Kamen."

Garvanska akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Mama akabaki amesimama, mkono kwenye mgongo wa kiti.

"Utanifunga?" aliuliza. "Nimetumia jina lake, najua. Lakini walisema watamfuta, Inspekta. Nilisoma nikaona kizunguzungu. Mtaani kila mtu ameacha kumtaja. Wakiniona wanaongelea bei ya nyanya. Metodi humu ndani hataki nilitamke jina lake, anapiga meza. Huyu bwana wa picha peke yake ndiye anamwandikia. Kila wiki. 'Radina, umeshachagua viatu?' 'Radina, usisahau kula asubuhi ya harusi.' Nikasema, basi hata huyu naye anamwacha?"

"Hakuna atakayekufunga. Barua ya kwanza, ile ya pongezi. Ilisomwa ile Ijumaa mara mbili. Mara ya kwanza ni Radina?"

Mama alitikisa kichwa kukataa.

"Radina alikuwa bafuni. Mashine ikalia, tin! Nikaja kuona. Nilidhani ni kitu kimeharibika. Nikasoma: 'Hongera, Radina na Ognyan!' Na maua yanadondoka kwenye kioo." Aligusa ukingo wa kioo. "Nikamwita Metodi. Mimi ndiye niliyemwita. Ningeifunga tu, Inspekta. Kuna kitufe, ungebonyeza mara moja, imekwisha. Nikamwita."

"Akasoma mara ya pili."

"Akasoma. Halafu ukawa ugomvi ambao sijawahi kuusikia humu, hata siku ya msiba. Radina akafunga begi, akasema asubuhi anakwenda Sofia kwa rafiki yake, na Ognyan atamfuata. Usiku Metodi hakulala. Asubuhi alikuwa mpole kabisa. Akasema, njoo nikupeleke stendi, mwanangu. Nikafurahi. Nikawafungia mkate wa jibini, kila mmoja na wake."

"Alirudi saa ngapi?"

"Metodi? Mchana. Saa tisa, saa kumi."

"Stendi ni dakika saba kutoka hapa."

"Alisema alipitia kijijini. Kwenye mizabibu."

"Na leo yuko wapi?"

"Kijijini. Jumanne zote huwa kule. Ndiyo maana naweza kuingia humu."

"Tangu lini anakwenda kila Jumanne?"

"Tangu..." Mama aliishusha miwani puani, akaipandisha tena. "Tangu Oktoba."

"Mavuno yalikuwa Septemba, mama."

"Ndiyo."

"Januari kulikuwa na theluji hadi magotini. Alikwenda?"

"Alikwenda."

"Januari kwenye mizabibu kuna kazi gani?"

Zdravka Lalova aliugeukia ukuta uliokuwa na ramani ya zamani ya Kamen ya shuleni, akautazama kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta mji fulani. Kisha akaizima kompyuta, akakaa kwenye kiti cha Kamen.

Kijiji kilikuwa kilomita ishirini na mbili, nyumba nyingi zimefungwa, wenyewe wako Uhispania au makaburini. Nyumba ya Lalov ilikuwa ya mwisho, na shamba la mizabibu lilipanda kilimani nyuma yake. Garvanska alifika na Orlin na askari wawili. Metodi Lalov alikuwa kwenye kona ya juu, chini ya ukuta wa mawe, jembe mkononi. Shamba lote lilikuwa limejaa magugu, mizabibu imejiachia ovyo. Pale ukutani tu palikuwa pamepaliliwa, udongo mweusi, laini, usio na jiwe hata moja, na kando yake palikuwa na kigoda kidogo.

Aliwaona wakipanda. Hakukimbia. Aliliweka jembe chini polepole, akakaa kwenye kigoda.

"Mzee Metodi," Garvanska alisema. "Ni hapa?"

"Ni hapa."

"Nieleze."

Alieleza akitazama magoti yake, kwa sauti ya mtu anayesoma kitu alichokikariri. Alimpitisha hapa njiani, akisema wachukue chupa ya divai ya kumpelekea rafiki yake Sofia. Alitaka tu kumsihi mahali ambapo mama yake hasikii. Walisimama juu ya ngazi za mawe za kushukia ghala la divai, lililo chini ya ardhi. Alimwambia achague mwanamume yeyote duniani, yeyote, ila yule. Radina akamjibu kwamba Kamen angekuwa hai angewacheka wote wawili, kisha angecheza kwenye harusi.

"Nikamshika mkono. Akajivuta. Nikamwachia."

"Ulimwachia, au ulimsukuma?"

Metodi alifikiri. Alifikiri kweli, uso umekunjamana.

"Mwanzoni nilikuwa najua," alisema. "Sasa sijui tena. Naapa, sijui. Zile ngazi ni kumi na nne. Nilishuka, nikamwita. Nilikaa naye hadi saa sita. Nikasema nikipiga simu, Zdravka atazika mtoto wa pili. Nikisema amepanda basi, ana mtoto aliyesafiri."

"Na simu yake?"

"Mtoni. Kutoka darajani."

Orlin alikuwa ameanza kuandika. Kalamu ikamgoma, akaomba nyingine. Askari wawili walizungushia utepe, na Garvanska akapiga simu kwa mwendesha mashtaka, akasema kwa maneno machache kinachotakiwa: daktari, mpiga picha wa polisi, watu wa kuchimba. Alipokata simu alisikia gari likisimama chini, barabarani. Lilikuwa la jirani wa ghorofa ya pili. Zdravka Lalova alishuka akiwa bado na aproni.

Orlin akashuka kwenda kumzuia. Garvanska akamwita kwa jina, mara moja, naye akasogea pembeni.

Mama alipanda kilima peke yake, akishika nguzo za mizabibu moja baada ya nyingine. Alifika ukutani akiwa anahema. Mumewe aliinuka kwenye kigoda. Mama hakumtazama. Alitazama udongo ule uliopaliliwa vizuri, kingo zake zilizonyooshwa kwa uzi, kopo lililozikwa nusu lenye maua ya daisi yaliyochumwa asubuhi hiyohiyo. Alipiga magoti, akaweka viganja vyote viwili chini, akakaa hivyo.

Askari mmoja akavua kofia. Mwingine naye akavua.

Kisha akainua kichwa kumtazama mwanamume aliyeishi naye miaka thelathini na mitatu. Machozi hayakuwa yameanza bado. Uso ulikuwa wa mtu aliyegundua kwamba ameibiwa kitu ambacho hakujua kama anacho.

"Miezi minane," alisema. "Miezi minane umekuwa unakuja kukaa naye, Metodi. Na mimi ukaniacha nyumbani."